Sungura Akitoka kwa Daktari: Namna ya Kumtunza Baada ya Kuhasiwa

Wako watakaosoma kichwa cha makala haya na kucheka. Sungura apelekwe kwa daktari ahasiwe, kwani yeye ni fahali? Wengi wetu tulimjua sungura kama kitoweo, au kama mradi wa kilabu cha 4K pale shuleni. Haya, cheka kidogo kisha uendelee kusoma, maana mambo yamebadilika. Siku hizi mijini, na hata vijijini, utakuta sungura ambaye hachinjwi. Ana jina. Analala kwa sanduku nyuma ya jikoni, na mtoto akitoka shule kitu cha kwanza ni kwenda kumsalimia. Wazazi walinunua wawili sokoni, wakaambiwa ati wote ni wa kike. Baada ya miezi michache wakawa kumi na mmoja.

Sungura jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile anapozaa. Hangoji msimu. Mayai yake hutoka baada ya kupandwa, kwa hivyo dume akimfikia mara moja tu, kazi imekwisha. Ukiwatenganisha na kuweka madume pamoja, nao wakikomaa hupigana, tena vibaya, huumana sehemu za siri mpaka damu. Ndiyo sababu mtu anayewafuga kwa urafiki tu hana budi kufikiria kuhasi. Anayefuga kwa nyama, mimi naona hana haja ya gharama hiyo. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na miezi minne au mitano hivi, kabla ukorofi haujazidi.

Kwa jike kuna sababu nyingine, na ni kubwa kuliko hiyo. Jike anayekaa bila kuhasiwa, akivuka miaka mitatu au minne, huwa katika hatari kubwa ya kupata saratani ya mji wa mimba. Madaktari wanaotibu sungura wanaujua sana ugonjwa huu. Na kwa vile sungura anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka minane mpaka kumi, miaka mitatu si uzee.

Lakini makala haya si ya kukushawishi uhasi au usihasi. Hilo ni lako na daktari. Tunataka kuzungumza juu ya siku zinazofuata, kwa sababu hapo ndipo sungura wengi hupotea. Upasuaji unakwenda sawa, daktari anafunga mshono, mnyama anaamka na kurudishwa nyumbani akiwa hai. Siku ya pili au ya tatu anakufa, na watu wanasema ameuawa na kisu. Mara nyingi si kisu. Amekufa kwa maumivu na tumbo tupu katika nyumba iliyojaa chakula, kwa sababu hakuna mtu aliyegundua kwamba hali.

Usijaribu na wembe

Kabla ya kuendelea, neno moja kwa wale mafundi wa kijijini waliozoea kuhasi mbuzi na nguruwe kwa wembe. Sungura mwacheni. Kwanza ni ukatili: anasikia maumivu kama wewe. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kumpasua mnyama ovyo ovyo bila huruma. Pili, mwili wa sungura umeumbwa tofauti. Ile njia ambayo korodani hupitia kutoka tumboni hubaki wazi maisha yake yote, ndiyo maana sungura akiogopa anaweza kuzirudisha korodani ndani zisionekane. Daktari anajua kuiziba njia hiyo anapomaliza. Fundi wa wembe hajui, na utumbo unaweza kuteremka ukatokea pale pale alipokata. Tena sungura akibanwa kwa nguvu bila dawa ya usingizi hurusha mateke ya nyuma mpaka anajivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Usione haya kumwuliza maswali: Je, umewahi kupasua sungura? Utampa dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani? Daktari mzuri hatakasirika. Akikwambia kwamba sungura hahitaji dawa ya maumivu, mshukuru, chukua sanduku lako, utafute mwingine. Dume anaweza kuhasiwa kuanzia miezi minne hivi, korodani zikishateremka. Jike husubiriwa mpaka miezi mitano au sita. Kwa dume ni kidonda kidogo tu. Kwa jike ni lazima tumbo lifunguliwe, kwa hivyo naye huchukua muda mrefu zaidi kupona.

Jambo lingine la kabla ya safari. Mwenye mbwa au paka huambiwa asimlishe tangu jioni ili asitapike akiwa amelala. Watu husikia hivyo wakadhani ni kwa wanyama wote. Sungura hawezi kutapika, hana uwezo huo kabisa. Kumfungisha njaa usiku kucha ni kumpeleka kwenye kisu akiwa tayari amedhoofika. Mwache ale kama kawaida mpaka asubuhi ya kuondoka, labda daktari aseme kinyaume kwa sababu yake maalum. Na umfungashie chakula chake mwenyewe, zile nyasi na majani anayoyajua, ili akiamka kule kliniki akute harufu ya nyumbani puani.

Tumbo lisilopumzika

Hapa naomba tukae kidogo, maana ukilielewa tumbo la sungura, mengine yote utayaelewa bila kufundishwa.

Sungura ni kama kinu kinachosaga mchana na usiku. Chakula kinaingia mbele na kinyesi kinatoka nyuma, bila kusimama. Karibu na mwisho wa utumbo ana mfuko mkubwa uliojaa vijidudu, lakini vijidudu vyema, vinavyomsaidia kuyeyusha nyasi. Vijidudu hivyo hutengeneza kinyesi cha pili, laini, chenye kung'aa, kilichoshikamana kama kichala kidogo cha zabibu. Hicho sungura hukila chenyewe, akikitoa moja kwa moja pale kinapotokea, mara nyingi usiku au alfajiri. Usimfukuze wala kumwona mchafu. Ndimo anamopata vitamini na protini zake.

Sasa kinu hiki kina adui wawili: maumivu na woga. Sungura akiumwa huacha kula. Akiacha kula, utumbo unapunguza mwendo kisha unasimama. Ukisimama, kilichomo ndani kinakauka, hewa inajaa, tumbo linauma zaidi, na kwa kuwa linauma zaidi hataki kula kabisa. Mambo yanajizungusha hivyo, na saa chache tu zinatosha kumfikisha pabaya. Ng'ombe akikataa kula siku nzima unaweza kusema tumwangalie kesho. Kwa sungura huwezi. Sungura ambaye hajaonja kitu kwa saa kumi na mbili ni mgonjwa mahututi, hata kama amekaa kimya na anakutazama vizuri.

Na hiyo ya kukaa kimya ndiyo inayotudanganya. Sungura ni windo la kila mnyama, kuanzia mbwa mpaka mwewe. Kulia na kuonyesha udhaifu kwake ni kujiita mauti. Hivyo anaficha, na wewe unadhani amepumzika.

Usiku wa kwanza

Mlete nyumbani katika sanduku la kadibodi lenye matundu ya hewa, chini umetandika kitambaa ili asiteleze. Ukipanda matatu, weka sanduku mapajani, mbali na spika. Bodaboda si usafiri wa mgonjwa wa mshono, lakini kama hakuna njia nyingine, mwambie kijana aende pole pole na ulishike sanduku kwa mikono miwili.

Usimrudishe moja kwa moja kwenye kizimba cha nje. Kwa siku chache za kwanza, na kwa jike hata wiki nzima, akae ndani ya nyumba mahali penye utulivu, mbali na mbwa, redio na mlango unaobamizwa. Akae chini sakafuni, asiwe na mahali pa kurukia. Mtandikie magazeti ya zamani na juu yake kitambaa safi. Maranda ya mbao yaache kwanza, kwa sababu vumbi lake hunata kwenye kidonda. Maji yawe kwa bakuli fupi na zito, asije akalimwaga au kulala nalo uso akiwa bado ana ulevi wa dawa. Hata aliyezoea kunywa kwa chupa, siku hiyo bakuli ni rahisi kwake.

Baridi pia ni hatari. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, na joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, juu kuliko letu. Mwenye kuishi Limuru au Nyahururu mwezi wa Julai anajua ninachosema. Jaza maji ya moto, si ya kuchemka, katika chupa ya plastiki, uifunge kwa taulo, uiweke upande mmoja wa sanduku. Upande mmoja tu, ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Tafadhali usimwekee jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa makaa huua watu, sembuse kiumbe cha kilo mbili. Kwa jirani zetu wa Mombasa na Lodwar shida ni kinyume chake: joto likipita nyuzi 30 sungura anaanza kuteseka, kwa hivyo mtafutie kivuli na upepo.

Mguse masikio. Yakiwa ya baridi kabisa na mwili umelegea, mtie joto na umpigie daktari.

Sasa mpe chakula. Weka nyasi kavu nyingi karibu na pua yake, kama ni boma rhodes ni nzuri sana. Nyasi ndizo dawa ya utumbo, kuliko peleti. Halafu mbembeleze na kile anachokipenda: dania, majani ya karoti, mashina ya viazi vitamu, kichoma mguu kutoka shambani. Majani mabichi yaanikwe yanyauke kidogo kabla ya kumpa, na yasiwe na umande. Kabichi huleta hewa tumboni, siku hizi usimpe. Majani ya nyanya, ya viazi mbatata na ya parachichi usimpe kamwe, awe mgonjwa au mzima. Ya parachichi hasa ni sumu kwake.

Kisha fanya kazi ambayo wengi huona ni ya kijinga, nayo ni kuhesabu mavi. Fagia kila kitu kabla hajalala, utandike gazeti jipya. Asubuhi angalia. Ukikuta chembe nyingi, za mviringo, zenye ukubwa wa kawaida, furahi. Zikiwa chache na ndogo kuliko siku zote, ongeza juhudi ya kumlisha na umjulishe daktari. Ukikuta gazeti kavu, na nyasi ziko kama ulivyoziacha, basi usimalize hata chai. Piga simu.

Akikataa kula

Daktari akikwambia umlishe kwa mkono, fanya hivi. Chukua peleti zake za kawaida, uziloweke katika maji ya uvuguvugu mpaka zilainike, uziponde ziwe kama uji mwepesi unaoweza kupita kwenye bomba la sindano. Bomba lisiwe na sindano, bila shaka. Mfunge sungura kwa taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu kionekane, miguu yote minne ikikaa chini. Usimlaze chali, uji utaingia kwenye mapafu.

Nyuma ya yale meno marefu ya mbele kuna pengo upande wa shavu. Pitisha ncha ya bomba hapo, sukuma kidogo sana, mililita moja hivi, ungoje atafune na ameze. Kisha nyingine. Sungura wa kilo mbili anatosheka na mililita 20 hivi kwa mlo mmoja, mara tano kwa siku. Ni kazi ya subira. Mwenye haraka amwachie mwingine, na katika nyumba nyingi utakuta nyanya ndiye anayeiweza kuliko vijana wote.

Kuna onyo moja. Kama tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, usimlishe kwa nguvu. Hapo hewa imejaa, pengine utumbo umeziba, na kuongeza chakula ni kumaliza. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari, usiku au mchana.

Maumivu, na dawa zinazoua

Utajuaje kwamba anaumwa, na yeye hasemi? Angalia anavyokaa. Anayeumwa hujikunyata mgongo ukiwa juu, macho nusu yamefumba, masikio yamelala nyuma. Au anabonyeza tumbo sakafuni, anainuka, anabonyeza tena. Sikiliza meno: sungura akifurahi anaposuguliwa kichwa hutafuna meno taratibu, sauti ndogo kama ya mtu anayekunja karatasi. Akiumwa husaga kwa nguvu, kwa kukwaruza, na unasikia ukiwa upande wa pili wa chumba. Sungura asiyegeuka hata ukimletea dania naye anakwambia jambo.

Daktari atakuwa amekupa dawa ya maumivu. Mara nyingi huwa ni meloksikamu ya maji, inayopimwa kwa bomba dogo. Mpe kwa siku zote ulizoambiwa na kwa kipimo kile kile, hata kama siku ya pili anaonekana amechangamka. Amechangamka kwa sababu ya dawa. Ukiikatisha, maumivu yanarudi, na yakirudi anaacha kula, na pale kwenye kinu tulishafika.

Usimpe dawa ya maumivu ya watu kutoka kwa kemisti kwa kukisia. Hata ile meloksikamu ya watu si ya kujipimia, kidonge kimoja ni kingi mno kwake.

Na sasa jambo ambalo, kama utasahau mengine yote, hili usilisahau. Kuna dawa za kuua vijidudu ambazo kwa mtu ni msaada na kwa sungura ni sumu zikipita mdomoni. Amoksisilini ni mojawapo, vile vidonge vya rangi mbili ambavyo karibu kila nyumba Kenya huwa na masalio yake kabatini. Nyingine ni ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamisini na linkomisini. Sababu ni ule mfuko wa vijidudu vyema niliousema. Dawa hizi zinaviua, na nafasi yao inachukuliwa na vijidudu vibaya vinavyotoa sumu. Sungura anaharisha, na katika siku chache amekwisha. Aliyempa alitaka kumsaidia, maana aliona kidonda kimekuwa chekundu akakumbuka kwamba mtoto alipokuwa na kikohozi alipona kwa dawa ile.

Hii haina maana kwamba sungura hatibiwi uchafu wa kidonda. Ziko dawa anazozivumilia, na hata penisilini daktari anaweza kuitumia kwa sindano. Lakini kuchagua si kazi yako wala yangu, tena si kazi ya kijana anayeuza dukani kwenye agroveti. Ukienda huko, taja waziwazi kwamba mnyama ni sungura. Muuzaji akikupa dawa ya kuku kwa kusema ni sawa tu, toka na pesa zako.

Kidonda chenyewe

Kidonda kinataka kutazamwa zaidi kuliko kushikwa. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mtu mmoja amshike na mwingine aangalie. Kwa dume, mfuko wa korodani unaweza kuvimba kidogo siku mbili tatu za kwanza na kuwa na rangi ya kuvilia. Huo ni uvimbe wa kawaida ukiwa mdogo na unapungua. Kwa jike, mstari wa mshono tumboni unaweza kuwa na wekundu kidogo. Yasiyo ya kawaida ni haya: uvimbe unaoongezeka kila siku, usaha, harufu mbaya, damu inayodondoka, ngozi kufunguka, au kitu laini kujitokeza kupitia kidonda. Hilo la mwisho ni la dakika hiyo hiyo. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu na uende.

Usipake majivu, mafuta ya taa, spiriti wala dawa kali ya kusafishia choo. Usimwogeshe. Sungura mzima haogeshwi, itakuwaje mgonjwa?

Atajilamba kidogo, na hilo haliogopeshi. Akitafuna nyuzi ndiyo shida. Mbwa angevikwa kola kubwa shingoni, lakini sungura aliyevikwa kola hawezi kufikia kile kinyesi chake laini, wengine hukataa na chakula. Mwulize daktari kwanza. Madaktari wengi hushona kwa uzi uliofichwa chini ya ngozi kwa sababu hiyo hiyo.

Nzi nao wasisahaulike. Wanapenda manyoya yenye mkojo na damu, hutaga mayai hapo, na funza wanaotokea hula nyama ya mnyama akiwa hai. Katika majira ya joto hili hutokea kwa siku moja. Badilisha gazeti kila siku, angalia sehemu za nyuma za sungura pamoja na kidonda, na umfunike sanduku kwa kipande cha chandarua kama nyumba ina nzi wengi.

Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku kumi hivi. Usizitoe mwenyewe kwa mkasi wa kucha.

Watoto

Mwenye sungura ni mtoto, na mtoto atataka kumbeba. Mweleze mapema, kabla hata ya siku ya kliniki, kwamba rafiki yake atarudi akiwa na kidonda na kwa siku kumi hatabebwa. Mtoto akae chini sakafuni, amnyooshee mkono wenye jani la karoti, amsugue paji la uso. Sungura wengi hula vizuri zaidi wakilishwa na mkono wanaoujua, kwa hivyo mpe mtoto kazi hiyo rasmi, na daftari la kuandika: amekula nini, saa ngapi, mavi yakoje, uzito ni kilo ngapi. Mizani ya jikoni inatosha, na uzito ukishuka siku mbili mfululizo daktari aambiwe. Watoto wa miaka tisa, kumi, wanaifanya kazi hii kwa uaminifu mkubwa, wakati mwingine kuliko sisi.

Tukiwa hapo, kuna tabia yetu moja ya zamani. Tumezoea kumwinua sungura kwa masikio, na hata picha za matangazo zimeonyesha hivyo. Masikio si mpini. Yana mishipa ya damu na yanauma, na sungura akining'inia hurusha miguu ya nyuma mpaka mgongo unavunjika au mshono unafunguka. Mwinue kwa mkono mmoja chini ya kifua na wa pili chini ya makalio, umegemeze mwilini mwako. Mtoto ambaye bado mdogo asimwinue kabisa.

Wenzake wa kizimbani

Kama sungura wako alikuwa na mwenzake, usimtoroshe mbali naye. Weka kizimba cha mwenzake karibu, wavu katikati, waonane na kunusana. Sungura aliyetengwa kabisa kwa wiki mbili anaweza kurudi akiwa mgeni na kupigwa. Lakini wasichanganywe kabla kidonda hakijafunga, maana mwenzake atamparamia akitaka kucheza.

Kwa dume hata kidonda kikipona si ruhusa ya kumrudisha kwa majike. Mbegu zilizokuwa zimekwisha kutengenezwa hubaki katika njia zake, na kwa wiki nne mpaka sita baada ya kuhasiwa bado anaweza kuzalisha. Watu wengi wamelipa daktari kisha wakapata watoto wanane mwezi uliofuata, wakaanza kusema daktari ni mwongo. Hesabu wiki sita kamili. Tabia pia haibadiliki kwa siku moja. Kurusha mkojo ukutani, kuzunguka miguu ya watu akinguruma, kupanda viti, vyote hivyo hupungua pole pole katika majuma hayo. Sungura aliyehasiwa hunenepa upesi, kwa hivyo akishapona punguza peleti, nyasi zibaki nyingi.

Tia alama siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Ikifika, waonane kwanza mahali ambapo si pa mmoja wao, labda sebuleni au uani palipofagiliwa, kila mmoja na lundo lake la nyasi, na mtu mzima akiwa karibu na taulo la kuwatenganisha. Watafukuzana kidogo. Mmoja akiinamisha kichwa na mwingine akaanza kumlamba masikio, unaweza kuondoa wavu.